Grafu Iliyoanzia Mia Tatu

Mpaka leo nikikutana na grafu ya pau gazetini, macho yangu yanashuka kwanza chini kabisa, kuona hesabu imeanzia wapi. Mwalimu wetu wa darasa la nane kule Mwala alitufunza hivyo kwa kiboko. "Mtihani wa taifa una hila," alikuwa akisema. "Msidanganywe na urefu wa pau. Someni namba!"

Halafu siku ya wazazi ikafika, mwisho wa muhula, na yeye mwenyewe akachora yake. Alama zetu za majaribio, kila mtu na pau yake, zikabandikwa ukutani. Ili karatasi imtoshe hakuanza na sifuri, alianza na mia tatu. Dada yangu mkubwa, aliyerudia darasa nikamkuta hapo, alikuwa amepita mia tatu kidogo tu. Pau yake ilibaki kisiki. Yangu ilipanda huko juu, na jamani, tulipishana alama hamsini tu!

Baba hakuwa amesoma. Alisimama mikono nyuma, akatazama weee, kisha akamgeukia dada. Dada alipewa jina la nyanya yetu mzaa baba, kwa hivyo baba alimwita mwaitu, yaani mama.

"Ai, mwaitu, kumbe masomo yamekushinda hivi? Basi. Utakaa nyumbani usaidie na mbuzi, huyu mdogo aendelee."

Alisema kwa upole, bila hasira yoyote.

Mimi nilijua. Darasa zima lilijua! Lakini wazazi wa watu walikuwa wananitazama, mama mmoja akanipapasa kichwa, na mimi mjinga nikavimba kwa sifa. Nikanyamaza. Nilijiambia nitamweleza baba jioni. Jioni nikasema kesho. Shule ilipofunguliwa niliondoka nyumbani peke yangu, na bado nilikuwa nasema kesho.

Nikapita mtihani, nikaenda shule ya bweni. Likizo ya kwanza nilifuatana na dada kuchota maji mtoni, kwenye shimo la mchangani. Sikuweza kuvumilia tena. Nikamwambia huku nalia kwamba ile grafu ilianzia mia tatu, kwamba hakuwa mjinga hata kidogo.

Aliendelea kujaza mtungi kwa kikombe.

"Kwani unafikiri sikuona?" akasema. "Ningesema mimi, baba angedhani najitetea. Wewe angekuamini. Nilikungoja mpaka shule ikafunguliwa."