Kwenda kwa Minza kwa Barabara ya Pamba

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mtoto aliyekataa ziwa. Mwanangu Minza ameolewa Ilumba, ng'ambo ya maji, kule milimani, na wiki ile alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Habari aliniletea Mama Kulwa, anayeuza dagaa pale Mkuyuni na huwafuata upande ule. Alisema mtoto ana siku nne, analia kutwa, na akiwekwa ziwani anageuza kichwa. Nesi wa zahanati yao amemwangalia, hakuona homa. Amewaambia wamkamulie maziwa na kumnywesha kwa kijiko, na kama habadiliki mpaka Jumamosi wamteremshe hospitali. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kwetu mtoto akilia namna hiyo, watu husema kuna mzee wa ukoo anayetaka kurudi kwa jina lake. Anaitwa majina ya waliotangulia, moja moja, mpaka atulie. Nyanzala, mama wa mkwe wangu, alikuwa ameyamaliza ya kwao yote. Ndipo wakasema aitwe mama yake Minza, yule anayekumbuka majina.

Ni kweli nakumbuka. Shule nilisoma ile ya watu wazima tu, jioni, nikaishia kuandika barua fupi. Lakini mtu niliyekutana naye mara moja kisimani nikiwa msichana, ninalo jina lake na la mama yake.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Mkuyuni. Miaka hiyo mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuwa mengi, na dereva wetu, Deusi, alikuwa na haraka ya kuwahi abiria wa kurudi. Nilikuwa na kikapu kimoja: khanga mbili, sukari, sabuni, na samaki wa kukaanga.

Kigongo tulifika jua likiwa limeshapanda. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Malori yaliyobeba samaki kwenda viwanda vya minofu yalikuwa upande wa pili yakisubiri kuja kwetu, na upande wetu yalisubiri ya mitumba na soda. Kila mtu siku hizo alikuwa na kitu cha kuuza. Mama mmoja, Veronika wa Kamanga, aliniuliza nauza nini. Nikamwambia napeleka majina. Akanitazama, akahamia benchi jingine.

Tulipovuka, Busisi nilipata pikapu iliyonifikisha njiapanda ya Ilumba, kama saa tano. Hapo gari linaishia, na hapo nieleze kidogo ile barabara. Zamani malori ya chama cha ushirika yalipanda mlimani kila msimu kuchukua pamba. Chama kilipodhoofika, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, lakini walinunua hukuhuku chini. Hakuna aliyetaka kuchosha lori lake mlimani. Kisha mvua ikaondoa daraja la Mhande, na watu wakalaza magogo mawili mahali pake. Tangu hapo barabara ile nzuri ya moramu, pana, ikabaki ya miguu, ng'ombe na baiskeli. Kwa miguu ni nusu siku. Kwa baiskeli ni saa mbili na ushee, ukiwa na mtu wa kukuendesha.

Walikuwa wameahidi kumtuma Masalu, shemeji yake Minza, aje kunichukua na baiskeli. Nilipomlipa mtu wa pikapu na kugeuka, nikaona baiskeli imeegemezwa kwenye kibanda cha chai, na kando yake mwanamume aliyesimama akiutazama ukuta. Nikajua mgongo ule. Alikuwa Shija, mwenyewe, mume wa Minza. Nikajitanda khanga mpaka usoni, nikageukia barabarani.

Anayetoka kwingine nimweleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja, na majina yao hawatajiani. Jina la Shija ninaliandika hapa, mdomoni silitumii. Sasa utakaaje kwenye keria, umemshika mkwe wako kiunoni?

Mwenye kibanda alikuwa Mama Koku, Mhaya, mwanamke wa maneno. Alitutazama kwa muda, akasema:

"Mmoja anaongea na ukuta, mwingine na barabara. Chai nimpe nani?"

Nikamwomba amuulize kijana huyo alipo Masalu. Akauliza, ingawa Shija alikuwa amesikia. Shija akajibu ukuta kwamba Masalu ameteguka mguu, na kijijini hapakuwa na mwingine wa kuja, watu wote wako mashambani. Akasema mtoto jana jioni hata kijiko alikikataa. Hapo Mama Koku akaacha kucheka.

Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, panda tu. Hapa nani anakuona?"

Nikamwambia mimi nitajiona.

Kutembea ningefika magharibi, na siku za mtoto zilikuwa zinahesabika. Nikaitazama ile baiskeli. Marehemu mume wangu, Lusana, alikuwa karani wa pamba, na alinifundisha kuendesha ya kwake kwenye uwanja wa kiwanda tukiwa hatujapata hata mtoto wa kwanza. Ilikuwa zamani. Nikamwambia Mama Koku: mwambie aniachie baiskeli, yeye abebe kikapu anifuate nyuma. Shija akauambia ukuta kwamba breki ya nyuma haishiki vizuri.

Kutoka njiapanda hadi Mhande ni tambarare. Nilifunga khanga miguuni, nikaanguka mara moja, nikaondoka. Ajabu ya barabara ile ni ukimya. Hakuna honi, hakuna vumbi la mtu mwingine. Katikati majani yameota, pembeni kuna njia mbili za changarawe ndogo zilizolainishwa na matairi ya baiskeli, unachagua moja. Nyuma yangu nilisikia miguu ya Shija ikikimbia taratibu. Alikaa mbali kiasi cha kutosha kusikika tu.

Hatukuweza kusemezana, kwa hiyo tuliongea na baiskeli. Kwenye magogo alisema, "Baiskeli, hapo shuka, ukokotwe." Nikashuka, nikakokota. Nikaijibu baiskeli kwamba maji ya hapa ni mazuri, mwenye kiu anywe. Nikavuka, nikatangulia, nikamsikia anakunywa.

Mlima wenyewe unaanza baada ya Mhande. Nusu yake niliikokota. Kuna mizunguko mitatu, na kwenye wa pili kuna chemchemi chini ya jiwe kubwa, upande wa kushoto. Juu kabisa, kama saa saba, barabara inanyooka mgongoni mwa mlima na ziwa linaonekana lote, hata visiwa. Sikusimama. Nilikuwa nayapanga majina kichwani: ya kwangu, ya Lusana, wajomba, mashangazi, hata wale waliokufa wachanga.

Mteremko wa kwenda Ilumba ndio mbaya. Changarawe yake ni kubwa, inaviringika. Nikasikia sauti nyuma, "Baiskeli, ya mbele usiibane peke yake!" Nilikuwa nimeshaibana. Nililala kwenye majani na baiskeli juu yangu. Shija alikuja mbio, akafika hatua kumi, akasimama, akageuza mgongo.

"Baiskeli imevunjika?" akauliza.

"Baiskeli nzima," nikasema. "Goti limechubuka."

Hakuondoka mpaka aliposikia kengele ya baiskeli. Niliipiga makusudi.

Ilumba nilifika saa tisa. Nyanzala alinipokea uani kwa magoti, nikampokea kwa magoti, tukaamkiana mwadila, salamu yetu ya mchana, kwa haraka kuliko inavyostahili. Ndani, Minza alikuwa amekonda. Matiti yalikuwa yamejaa, magumu kama mawe. Nikaagiza maji ya moto na kitambaa, nikamkanda, tukakamua kidogo. Huku nakanda, naita. Nilianza na ukoo wangu, nikaja kwa Lusana na ndugu zake. Mtoto analia tu. Nilifika mwisho, nikarudia, nikafika mwisho tena.

Nyanzala akasema taratibu, "Mwenzangu, hujabakisha mtu?"

Nilikuwa nimebakisha mmoja. Baba yake Lusana, babamkwe wangu. Aliniita binti yangu tangu siku niliyoolewa, na kwa heshima ileile ya ukwe jina lake halijawahi kupita mdomoni mwangu, akiwa hai au akiwa kaburini. Minza hakumjua, alikufa kabla hajazaliwa, na nyumbani tulimwita Babu tu.

Nikatoka uani. Nikapangusa vumbi mbele ya mlango kwa kiganja, nikaandika kwa kidole, herufi kubwakubwa kama walivyotufundisha. Kisha nikaingia ndani nikamwambia Nyanzala amwite mwanawe. Tukamsikia Shija anakuja, anasimama, anasoma kimyakimya. Halafu akaliita jina lile kutoka nje, kupitia ukutani, mara tatu, kama mtu anayemwita mzee aliye shambani.

Minza alikuwa amemweka mtoto ziwani. Mara ya tatu alilishika.

Kama ni jina au ni ule ukandaji, sijui. Nyanzala anasema jina, nesi alisema ukandaji, na mimi nilikuwepo na sijui.

Nilikaa siku nane. Kurudi nilisindikizwa na Masalu, mguu wake ukiwa umepona, nikakaa kwenye keria kama bibi yeyote, na kusema kweli niliona njia imekuwa fupi bila raha. Mama Koku alinipa chai, akauliza habari za ukuta. Nikamwambia ukuta umesema.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima si lazima ikuzuie njia. Inakutaka tu utafute pa kupitia. Mimi na Shija mpaka leo hatujatazamana usoni, na hakuna mkwe ninayemjua kuliko yeye.

Mtoto sasa ni kijana, anaendesha baiskeli barabara ileile. Mimi namwita Baba. Lakini kuandika si kutamka, kwa hiyo jina lake nimeliweka hapa na mengine: ni Machibya. Mjukuu utakayenisomea haya kwa sauti, ukifika hapo, paruke.