Mtu Aliyekaa Kando ya Winchi ya Kushoto

Nimechoka kuambiwa nilikuwa nimelewa. Sinywi ulanzi, sinywi komoni. Haya ninayokwambia niliyaona kwa macho yangu, mchana, jua likiwa utosini, kwenye maji ya Ziwa Nyasa mbele ya Mbamba Bay. Asiyetaka kuamini aache, lakini asinicheke, maana hasira niliyonayo haijapoa.

Mimi ni mtu wa milimani, wa Mbuji, nimekulia kwenye kahawa. Kahawa iliposhikwa na ugonjwa nikateremka ziwani kutafuta kazi. Nikampata tajiri mmoja mwenye boti ya injini, mtu wa maneno laini. Boti yake ilikuwa na kitu ambacho wavuvi wengine pale hawakuwa nacho: winchi mbili za mkono, moja kila ubavu. Kila winchi ina mpini wa kuzungusha na waya mwembamba wa chuma, na mwisho wa waya kuna chubwi la madini ya risasi, zito kama jiwe la kusagia. Mshipi wenye ndoano unaubana kwenye kibanio juu ya chubwi, unalegeza breki, na chubwi linazama na kuipeleka ndoano chini kabisa, kwenye maji ya baridi wanakojificha mbasa wakubwa. Boti inatembea polepole, ndoano inafuata. Samaki akivuta, mshipi unachomoka kwenye kibanio, mnabaki wewe na yeye. Kazi tamu, nisikufiche.

Siku hiyo tulikuwa wawili tu, tajiri nyuma kwenye usukani, mimi katikati kwenye winchi. Likaja wingu la nkungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Likikufikia unafumba macho na mdomo, unajifunika shati usubiri lipite. Nikajifunika. Lilipopita nikafumbua macho, na botini kulikuwa na mtu wa tatu.

Niamini. Kijana wa rika langu, amekaa kando ya winchi ya kushoto, amekunja miguu, amevaa sweta zito la kufuma linalochuruzika maji. Sisi jua linatuchoma, yeye anatetemeka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezungukwa na waya uliozama kwenye nyama kuanzia kifundoni, na hapakuwa na damu hata tone.

Mtu anatokeaje katikati ya ziwa? Kwa mtumbwi upi? Nikamgeukia tajiri nikitegemea apige kelele. Hakupiga kelele. Hata kushtuka hakushtuka. Alitazama mbele, akasema taratibu, kama anazungumzia mvua, "Usimjibu. Atashuka mwenyewe."

Umesikia hilo? Atashuka mwenyewe! Kumbe anamjua. Kumbe walishaonana, na bado akaniajiri mimi nikae pale pale bila kuniambia neno.

Yule kijana akanitazama. Akaniita kwa Kimatengo, lugha ya nyumbani. "Kaka, nipandishe. Baridi imenichosha."

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilishika mpini wa winchi ya kushoto nikaanza kuzungusha. Waya ulikuwa mzito ajabu. Nikazungusha mpaka viganja vikachubuka, na yeye ananihimiza, "Zidisha, kaka, zidisha." Hatimaye chubwi letu likatokea, limejisokota na waya mwingine wa zamani, wenye kutu. Na kwenye waya ule wa kutu kulikuwa na mkono wa sweta la kahawia, una kiraka cha kitenge kwenye kiwiko. Nikatazama sweta la kijana. Kahawia. Kiraka kile kile.

Nikaukamata ule mkono wa sweta. Chini yake kulikuwa na kitu kizito, bado hakijafika juu. Hapo ndipo tajiri alipoacha usukani, akaja na koleo la kukatia waya, akaukata ule wa kutu. Sweta likachanika. Kilichokuwa kinapanda kikarudi kilikotoka, na mimi nikabaki na kipande cha nguo mkononi. Nilipogeuka, pale alipokuwa amekaa kijana palikuwa na dimbwi la maji tu.

Nilimkwida tajiri shati. "Ni nani yule?"

"Kasto, wa Litumbandyosi," akasema. "Alikuwa anafanya kazi yako. Sweta lilinaswa na waya chubwi likishuka, likamchukua. Boti ikaanza kulala upande. Nikakata."

Akakata! Winchi ina breki. Winchi ina mpini. Mtu yuko kwenye waya, hai, na wewe unachukua koleo?

"Kwao ulisema nini?"

"Nilisema amevuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha."

Tulipogusa nchi kavu nilishuka bila kuaga. Nikapanda basi mpaka Kitai, kisha bodaboda hadi Litumbandyosi, nikaulizia kwa mama yake Kasto. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikampa kile kipande na kumweleza nilikokitoa. Alikishika kiraka, akakigeuza, akatazama mishono yake kwa ndani. Ilikuwa mishono ya mkono wake mwenyewe.

"Yule tajiri alikuja hapa," akasema. "Alikula ugali wangu. Akaniambia, mama, mwanao anakusalimu."

Hapo ndipo alipoanguka juu ya mahindi. Majirani walikuja mbio. Wiki ile ile walilia msiba bila mwili, na padri akamwombea Kasto kwa jina lake. Tajiri alipoitwa mbele ya wazee alikana kila kitu: sweta ni sweta, akasema, yako mengi. Watu wakaguna, wakatawanyika. Boti yake bado inatoka.

Mimi nimerudi shambani. Mkono wangu wa kushoto, kuanzia kifundoni, umekuwa baridi tangu siku ile. Hospitali wameupima, hawajaona kitu. Mke wangu hataki nimguse nao.

Wewe unayeteremka ziwani kutafuta kazi, nakuonya. Usishike mpini wa winchi ya mtu kabla hujamuuliza: aliyekuwa anafanya kazi hii kabla yangu yuko wapi? Akisema amevuka ng'ambo, muulize nani alimwona akivuka. Akianza kukukwepa macho, shuka boti ingali ufukweni.