Nilimfukuza Mama Mkwe Zahanati

Wakuu, mama mkwe wangu alisema mwanangu anatokwa na mate kama ng'ombe wake aliyekufa, nami nikamfukuza mbele za watu kama mwizi wa kuku.

Hii kitu nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Leo naitoa, maana yeye ameshatangulia mbele ya haki na mimi kichwa kimejaa mvi. Anayetaka kunitukana atukane, ila amalize kusoma kwanza.

Naitwa Selemani. Mwaka 1993 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, nauza mitumba mnadani Mungaa.

Vijana wa sasa hamjui mitumba ilivyoingia. Miaka michache nyuma watu walikuwa wanapanga foleni kugombania kaniki, halafu ghafla soko likafunguliwa, marobota yakaanza kushuka Singida mjini kwa malori. Mimi mtoto wa mjini, ukoo wa wafanyabiashara, nikaona hapo ndipo pa kutokea. Nilijiona mjanja kuliko kijiji kizima.

Mke wangu Fatu ni Mnyaturu wa hapohapo Mungaa. Tulipanga vyumba viwili, mama yake anakaa ng'ambo ya mashamba.

Kwao mama mkwe na mume wa binti hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Akiwa na neno anakupa mgongo, anamwambia binti yake kwa Kinyaturu, binti ndiye anakuletea. Miaka saba ya ndoa sikuwahi kupokea neno lake moja kwa moja. Na mimi kwa ujuaji wangu nilikuwa naona vichekesho tu.

Haya, twende kwenye tukio.

Ilikuwa Julai, upepo wa Singida unakata masikio. Maryam, mtoto wetu wa pekee wakati ule, miaka sita, alikuwa ameketi mlangoni anaota jua. Amevaa koti lake jekundu lililojazwa pamba, nililomchagulia mwenyewe kwenye robota. Nilimpa jana yake, akalala nalo. Jioni ile bibi yake alikuja akampaka samli kifuani na mgongoni kuzuia baridi, kama kawaida yao.

Saa nne asubuhi Fatu akapiga ukelele.

Nilimkuta mtoto kalegea. Mate yanatiririka mpaka shingoni, macho yanatoa machozi, jasho linamwagika na huku kuna baridi. Shavu moja linarukaruka lenyewe. Nikamwita, hanijui.

Bibi yake alikuwa wa kwanza kufika. Akapiga magoti, akamfungua mtoto jicho kwa kidole, akatazama muda mrefu. Kisha akanipa mgongo, akaongea na Fatu harakaharaka.

"Anasemaje?"

Fatu alikuwa anamfuta mtoto mate kwa kanga. "Anasema... mtoto anatokwa na mate kama yule mtamba wake aliyekufa masika."

"Eti nini?"

"Anasema tumvue nguo, tumwogeshe mwili mzima. Sasa hivi."

Jamani, damu ilinichemka. Jana kampaka mtoto vitu vyake, leo mtoto anakufa, naye anamfananisha na ng'ombe wake marehemu na anataka kumwogesha! Kwa akili yangu ya siku ile, pale mchawi alikuwa amejitaja mwenyewe.

Nikambeba Maryam, nikapanda baiskeli ya jirani, jirani anaendesha, mbio hadi zahanati. Jina la zahanati naliacha.

Dokta pale alikuwa Antipasi. Kwa cheo ni mganga msaidizi, ila sote tulimwita dokta. Akampima, akasema malaria imepanda kichwani. Simlaumu, kila mtoto aliyefika pale kazimia ilikuwa malaria. Akamtundikia dripu ya kwinini. Muuguzi akamvua koti na gauni, akamfuta mwili mzima kwa maji na sabuni ili kumtoa jasho na ile samli.

Mara naona mama mkwe anaingia getini, anahema, Fatu yuko nyuma yake. Anaongea kwa mkono, anaonyesha dirisha la wodi.

Nikatoka. Nikavunja mwiko wote, nikamtazama usoni, nikamwambia kwa sauti kila mtu asikie.

"Wewe mama, toka hapa! Usikanyage ndani ya geti hili mpaka mwanangu apone. Ng'ombe wako amekufa, mtoto wangu humpati!"

Fatu akajifunika uso na kanga. Mama mkwe akainamisha kichwa, akageuka, akaondoka.

Sasa sikilizeni. Jioni ile ile Maryam alifumbua macho. Kesho yake akaomba uji. Siku ya tatu anakimbizana na watoto wa wagonjwa wengine.

"Umeona?" nikamwambia Fatu. "Mchawi kaondoka, mtoto kapona."

Fatu akamgeukia mtoto. Tangu siku ile alikuwa ananipa chakula bila kuniangalia.

Asubuhi ya nne Antipasi akasema turudi nyumbani, tusubiri tu vidonge. Tukakaa benchi la nje, juani. Upepo ulikuwa mkali na Maryam anatetemeka.

"Baba, koti langu liko wapi?"

Nikalitoa kwenye mfuko, nikamvalisha kwa mikono yangu. Nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alivyopendeza! Foleni ya dawa ilikuwa ndefu, na tulikaa pale kama saa moja na nusu.

Kwanza alilalamika tumbo. Kisha akatapika. Nikamwona anajifuta mdomo kwa mkono wa koti, anajifuta tena, na tena, mate hayaishi.

"Fatu! Dokta! Jamani!"

Safari hii ilikuwa mbaya mara mbili. Tulimlaza sakafuni palepale barazani. Kifua kinakoroma kama mtu anayezama, midomo imekuwa rangi ya majivu. Antipasi kaja mbio, kaweka mpira masikioni, nikaona uso wake umebadilika. Dozi ya kwinini mtoto alishaimaliza. Gari la kwenda mjini lilikuwa halipo mpaka mchana.

Mama mkwe hakuonekana hata kwake siku tatu nzima. Hilo liliniingia kichwani, lakini nilikuwa sina nafasi ya kulifikiria.

Baiskeli ikaingia getini kwa kasi. Akashuka mwanaume mrefu, shati limeloa jasho, kwenye keria kafunga sanduku la bati. Nilimjua kwa sura. Ni Naftali, aliyekuwa bwana mifugo wa kata, serikali ikampunguza kazi mwaka ule pamoja na wenzake wengi.

"Mtoto wa Fatu ni yupi?"

Hakungoja jibu. Akapiga magoti, akamfungua mtoto jicho kwa kidole, vilevile kama alivyofanya bibi yake. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akainama akanusa shingo.

"Huyu mmemwogesha dawa ya kupe?"

"Mwanangu si ndama!" nikafoka. "Sifugi hata mbuzi!"

"Nakuuliza tena, amegusa dawa ya kupe?"

"Hapana!"

Akamgeukia Antipasi. "Dokta, hii siyo malaria. Nimeona ng'ombe wangapi wakifa hivi, mtu kachanganya dawa ya kupe kali mno, kawapulizia kwa bomba. Una atropini, ya kuzima hiyo sumu?"

"Sina. Hiyo ipo mjini."

"Ninayo."

Akafungua sanduku, akatoa kichupa. Antipasi akakigeuza, akasoma.

"Hii imeandikwa ya mifugo, Naftali. Mtoto akifa nitasema nini?"

"Akifa hujamchoma utasema nini?"

Kifua cha Maryam kilikoroma, kikanyamaza kidogo, kikakoroma tena. Fatu akanishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu siku nilipomfukuza mama yake.

"Dawa ni ileile," Naftali akasema, sasa taratibu. "Wewe unajua kipimo cha mtoto. Mimi naujua ugonjwa. Tugawane kazi."

Antipasi akanitazama. "Baba Maryam?"

Nikasema choma. Sijui sauti ilitokea wapi.

Akachoma. Wakati huohuo Naftali anamvua mtoto nguo zote, anaagiza maji na sabuni, muuguzi anamwosha. Tukasubiri. Hakuna kitu. Dakika tano, Antipasi akachoma tena. Kifua bado kinakoroma. Nilikuwa nasali kwa sauti, nimesahau hata watu waliokuwepo. Akachoma mara ya tatu.

"Tunataka mate yakauke," Naftali akasema. "Yakikauka tumempata."

Antipasi aliweka mpira kifuani, akafumba macho.

"Kifua kinafunguka," akasema.

Naftali akampitishia mtoto kidole mdomoni. Kidole kilitoka kikavu. Akacheka chini kwa chini, akajifuta jasho.

Muda si mrefu Maryam akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa "Baba, maji." Mdomo umekauka kwa ile dawa, maskini. Nililia wakuu, na sioni aibu kuandika hivyo.

Kulikuwa na baridi, nikaokota koti nimfunike. Naftali akaninyang'anya.

Akalinusa. Akatoa wembe kwenye sanduku, akachana bitana. Pamba ya ndani ilikuwa ya njano, imeshikana mabonge, na harufu ilipotoka watu wa mbele walirudi nyuma.

"Hili limetoka wapi?"

Nilijua limetoka wapi.

Zamani dawa ya kupe ililetwa na serikali joshoni, pale ng'ombe wanapoogeshwa. Mambo yalipobadilika ikawa kila mfugaji ajinunulie, kwa hiyo malori kutoka mjini yalibeba vyote pamoja, chumvi, dawa, mitumba. Robota langu lilisafiri chini ya makopo ya dawa. Kopo moja likavuja. Niliona doa. Nilisikia harufu. Nikaanika nguo siku mbili, nikapiga pasi ya mkaa, nikafukiza udi, harufu ikapotea. Nguo nyepesi zilikauka. Ile pamba ilikuwa imeshakunywa na kuficha.

Na mimi nikachagua lililo zuri kuliko yote, nikampa mwanangu. Mara mbili.

Kumbe siku ile ya kwanza kilichomwokoa ni maji na sabuni ya muuguzi. Ndicho alichotaka bibi yake kufanya mapema, mlangoni kwangu.

"Bwana Naftali," nikamwuliza, "nani alikuambia uje?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Hujui? Mimi nilikuwa Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu. Nimerudi asubuhi hii, nikamkuta mama mkwe wako barazani kwangu. Majirani wanasema ana siku tatu pale, analala kwenye gunia, kila mpita njia anamwuliza nitarudi lini. Mtamba wake nilimhudumia mimi mwenyewe, nikachelewa. Mama aliziona dalili zote kwa macho yake. Nilitaka kumpakia kwenye baiskeli, akakataa. Kasema nikimbie, yeye atanichelewesha."

Nikatazama barabarani.

Alikuwa anakuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini, viatu kashika mkononi. Alipofika kwenye geti akasimama. Hakukanyaga ndani. Alikuwa bado anatii amri yangu.

Nilitembea mpaka pale, nikageuka nikampa mgongo kama mila yao inavyotaka, nikapiga magoti mavumbini. Fatu akaja akasimama katikati yetu.

"Mwambie mama," nikasema, "mwambie mtoto yuko hai. Mwambie mimi ndiye niliyemtia sumu. Mwambie anisamehe."

Fatu akaongea huku analia. Kisha nikasikia mama mkwe anajibu kidogo tu.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama mtoto amekunywa maji."

Hakuna kingine alichosema. Fatu akamshika mkono, wakaingia getini pamoja.

Wiki ile mimi na Naftali tulizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta kila nguo iliyotoka kwenye robota lile. Nilijieleza kwa kila mlango, na nilitukanwa kwa karibu kila mlango. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Zote tukazifukia shimoni.

Mama mkwe alifariki 2008. Mpaka anafariki hakuwahi kunitazama usoni wala kula nami, mila ni mila. Lakini tangu siku ile, mtoto wangu yeyote akiumwa, kabla ya kupanda gari kwenda hospitali tulimpitisha kwanza kwenye mkeka wa bibi. Na mimi nikisimama nje, mgongo mlangoni, namwambia Fatu:

"Muulize mama, ameona nini?"

Ndugu zangu, hospitali nendeni, uganga wa kubahatisha acheni. Lakini anayekuambia jambo kuhusu mgonjwa wako, hata kama humpendi, hata kama maneno yake yanakuudhi, mwulize swali moja zaidi kabla hujamfukuza. Mimi sikuuliza, nikamvalisha mwanangu lile koti mara ya pili na kumfunga vifungo vyote.