Mkia wa Kanda ya Kuku

Mtunza kanda alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu, na ungemuuliza angekwambia kwamba wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka thelathini na tisa iliyozitangulia. Magoti yalikuwa yamegoma. Stoo yake ilikuwa chini ya jengo la redio, ngazi kumi na saba kushuka na, kwa hesabu ya magoti, thelathini na nne kupanda. Huko chini hakukuwa na dirisha hata la kusingiziwa. Kulikuwa na taa mbili za mirija, moja ikiwaka na nyingine ikifikiria.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo mkuu wa kitengo alimshukia mwenyewe. Alikuwa mama kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wake. Akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, na mtunza kanda akajua hapo hapo kwamba kuna jambo, maana wakubwa hawashuki ngazi kumi na saba kuulizia afya. Stoo inahitajika, akaambiwa. Muziki wote wa maana umeshaingizwa kwenye kompyuta, na kilichobaki ni vipindi vya kilimo, maboksi kama mia tatu hivi, ushauri wa mifugo iliyokufa zamani. Ijumaa lori litakuja kuvibeba vikachomwe. Yeye aorodheshe tu maboksi, na kabla hajaenda aijaribu ile mashine kubwa ya kanda kama bado inazunguka, kuna chuo kinaitaka.

Mtunza kanda akasema sawa. Alikuwa amesema sawa katika jengo lile mara nyingi mno hata neno lenyewe lilikuwa limeisha ladha. Moja kati ya hizo sawa ndiyo iliyomkaa rohoni miaka thelathini na minane, na haikuwa na dalili ya kutoka.

Ilihusu dada yake mkubwa. Siku hizi dada yule alikuwa mjane aliyeishi naye katika chumba cha uani, akishona sare za shule, kola nyeupe baada ya kola nyeupe. Watoto waliokuja kupimwa walimwona bibi mpole mwenye pini mdomoni. Hawakujua kwamba bibi huyo aliwahi kuitwa Radi. Alikuwa mwimbaji wa Vioo Saba, bendi ya wanaume sita na yeye, bendi ya magitaa ya umeme yaliyokwaruza mpaka mbwa wakahama mtaa. Wanaume walipaka wanja, wakavaa viatu vya soli nene kama matofali, na suruali zilizobana mapaja halafu zikapanuka chini. Nguo zote alizishona dada kwa mkono wake na kuzibandika vipande vya vioo, hata taa zikiwaka ukumbini watu walifumba macho. Wazazi walisema wamepata hasara. Yeye akaendelea kupiga kelele zake, na sauti ile, tusidanganyane, ilikuwa sauti.

Vioo Saba hawakuwahi kutoa sahani ya santuri. Walirekodi mara moja tu, alasiri moja, studio ya redio, nyimbo nne kwenye kanda moja, na aliyekaa kwenye mashine siku ile alikuwa mdogo wake mwimbaji, fundi mpya ambaye hata kitambulisho alikuwa hajapewa. Miezi michache baadaye ikaja amri kutoka juu. Kanda mpya hazipatikani, kwa hiyo muziki wa makelele ufutwe na kanda zitumike kwa vipindi vyenye faida kwa taifa. Akapewa orodha, na kanda ya dada ilikuwa ya tisa. Angeweza kuitia kwenye mkoba akatoka nayo, nani angekagua? Lakini alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na woga wa kijana mwenye kazi mpya haupimiki. Akasema sawa, akairekodia juu.

Dada alipoulizia akamwambia kanda imepotea wakati wa kuhamisha stoo. Dada akamtazama, akasema "Basi," hakuuliza tena. Mwaka haukuisha bendi ikavunjika, na dada akaacha kuimba, hata jikoni. Afadhali angegomba. Mtu akikugombeza unajitetea, lakini ukiambiwa "basi" utajitetea vipi?

Pengine mambo yangebaki yamefunikwa hivyo, kama si masikio. Sikio la kulia la dada lilikuwa limeshafunga, na daktari alisema la kushoto nalo halitauona mwaka mpya. Katika kipindi hicho hicho akapiga simu redioni mkusanyaji mmoja wa sahani za zamani, mtu wa mbali, akiuliza kwa adabu kama kuna chochote kilichobaki cha bendi za magitaa mazito, akazitaja, Nyundo, Chuma Moto, Vioo Saba. Mtunza kanda akamjibu hakuna. Ulimi hauna mfupa, jioni akamsimulia dada, akidhani atafurahi kwamba bado anakumbukwa. Dada aliweka mkasi chini.

"Mdogo wangu," akasema, "kama mtu wa mbali anaitafuta, wewe uliye ndani unashindwa nini? Nataka kujisikia mara moja tu, kabla hili la kushoto halijafunga."

Akasema atatafuta. Alijua hakuna cha kutafuta. Tangu siku ile kila akiingia nyumbani dada alimtazama mikono, na yeye akawa anachelewa kurudi makusudi, mzee mzima, akizunguka madukani bila kununua kitu.

Turudi stoo, Jumatatu ile. Aliorodhesha maboksi mpaka mgongo ukauma, kisha akapachika kanda yoyote kwenye mashine aijaribu. Kilikuwa kipindi cha ufugaji wa nyuki. Mashine ikazunguka vizuri. Akajimiminia chai, akaketi, na bwana nyuki akaendelea kueleza mpaka akawaaga wasikilizaji. Hapo ndipo mtu mwenye magoti mazima angeinuka akazima. Yeye alichoka hata kunyoosha mkono, akaiacha kanda izunguke kimya.

Kimya kikakatika, gitaa likaingia kama bati linalopasuliwa.

Chai ilimmwagikia. Walikuwa Nyundo, hakuna wengine, robo saa ya mwisho ya Nyundo, wakipiga kana kwamba hakuna aliyewaambia wameshafutwa. Mtunza kanda alikaa na suruali iliyolowa, na taratibu akaelewa. Kanda ilikuwa ya nusu saa, na kipindi cha kilimo ni dakika kumi na tano. Sheria ilitaka kila kanda ipitishwe kwanza kwenye sumaku kubwa ya kufutia, isibaki hata chembe. Lakini sumaku ile ilikuwa inaua saa za mkononi. Ukiisogelea tu, mishale inaganda, saa imekwenda. Na kuvua saa na kuiacha mezani katika ofisi ile ilikuwa sawa na kuigawa. Kwa hiyo mafundi, bosi akigeuka, waliiruka sumaku wakarekodi moja kwa moja juu ya muziki. Kilichofunikwa na maneno kilikufa. Mkia ukabaki mzima, na hakuna aliyewahi kuusikia, kwani nani anasikiliza kipindi cha nyuki baada ya bwana nyuki kuaga?

Akaitazama saa yake. Ilikuwa ile ile. Dada alimnunulia siku alipopata kazi, na haikuwahi kuganda.

Siku nne alizobakiwa nazo alizitumia zote. Alifika kabla ya mfagizi. Kanda ya dada aliirekodia kipindi gani hakukumbuka, hivyo boksi baada ya boksi alizungusha kanda haraka mpaka katikati, akatega sikio, akatoa. Nyingi zilikuwa tupu kweli, kazi ya mafundi wasiokuwa na saa. Jumanne akapata nusu ya wimbo wa Chuma Moto. Jumatano akapata bendi ambayo hata yeye hakuikumbuka, mwimbaji akilia juu ya ngoma kama aliyefiwa. Aliziweka pembeni kwa ajili ya yule mkusanyaji, lakini hazikumpa raha. Kila akisikia sauti isiyo ya dada moyo ulianguka, na hapo hapo, aibu yake mwenyewe, ulipata nafuu. Kisichopatikana hakina cha kuelezwa.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana yalibaki maboksi ishirini na mawili. La sita liliandikwa Magonjwa ya Kuku, Sehemu ya Pili, kwa mwandiko wake mwenyewe wa ujana, ule wa kujipendekeza. Daktari wa mifugo akashauri waliokufa wafukiwe mbali na nyumba, akaaga. Kisha dada akafungua kinywa.

Ilibaki dakika tisa tu, mwisho wa wimbo wa tatu na wimbo wa nne mzima. Radi alipanda na lile gitaa, akalipita, akakaa huko juu ambako watu wa kawaida wanaishiwa pumzi, akashuka polepole kama anayeshuka ngazi kwa hiari yake. Mtunza kanda alilia. Hakuna haja ya kuzungukazunguka, alilia, kamasi na vyote, peke yake chini ya taa mbovu.

Wimbo ukaisha na mashine ile ya zamani haikuzimwa haraka. Ikanasa studio. Mmoja akilalamika viatu vimemtoa malengelenge, mwingine akicheka. Kisha dada, karibu kabisa na maikrofoni: "Mdogo wangu, umeipata?"

Na sauti ya kijana ikajibu, nyembamba, imejaa majivuno: "Nimeipata, dada. Hii haifutwi mpaka nife."

Mtunza kanda akasimamisha mashine. Wembe wa kukatia ulikuwa kwenye droo, na gundi ya kuungia pia. Maishani amekata vikohozi vya wakubwa, vigugumizi vyao, hata ahadi zao walipobadili mawazo, na hakuna sikio lililogundua. Hizi zilikuwa sekunde nne. Akaziwekea alama kwa penseli nyeupe, akashika wembe. Akarudisha asikilize mara ya mwisho, na ndipo akasikia kitu alichokikosa. Wakati yule kijana anaahidi, dada alikuwa anacheka. Kicheko kilikuwa kimelalia juu ya maneno, na huwezi kukata moja ukaacha kingine. Akakaa na wembe mkononi mpaka mfagizi akaja kuuliza kama anafunga. Akaurudisha droo. Hakuwa jasiri, msimsifu bure. Alijiambia kwamba dada sikio lenyewe bovu, labda hatayashika yale maneno.

Ijumaa lori likaja likabeba maboksi yaliyobaki. Jumamosi, saa nne asubuhi, akaingia uani na redio kaseti chini ya kwapa na kaseti moja mfukoni, aliyonakilia zile dakika tisa.

Dada alikuwa kwenye cherehani. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, akavuta kiti karibu na redio, akaegemeza sikio la kushoto, na kiganja akakibandika juu ya spika. Mtunza kanda akafungulia sauti mpaka mwisho. Mtaa mzima ulipata habari. Dada alifumba macho, na midomo ikaanza kufuata, bila sauti. Alipofika pale juu, mkono wake mwingine ulishika kola aliyokuwa akiishona ukaikunja yote. Wimbo ukaisha, viatu vikalalamikiwa, kicheko kikapita, kaseti ikajizima, tak.

"Pale mwisho ulinijibu nini?"

Mtunza kanda akasema yalikuwa maneno ya utoto tu.

"Sikusikia. Niambie."

Akamwambia, kwa sauti ya chini, akitazama pini zilizotapakaa sakafuni. Dada akakinga mkono sikioni na kutikisa kichwa. Akarudia. Dada akasema paza, mdogo wangu, unajua nilivyo. Nje jirani alikuwa akianika nguo. Ikawa hana budi, na siri aliyoificha miaka thelathini na minane akaisema kwa kupiga kelele, kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara.

"Nilisema haifutwi mpaka nife! Na mimi ndiye niliyeifuta, dada! Haikupotea! Niliifuta mwenyewe!"

Jirani akasimama na shuka mkononi. Dada aliinyoosha ile kola kwenye goti, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kwa ajili ya nini?"

"Kuku. Magonjwa ya kuku. Sehemu ya pili."

Alitegemea tusi, au kicheko, alikuwa amejiandaa kwa vyote viwili. Dada alimtazama kwa uchovu mkubwa kuliko wake.

"Mimi nilijua unaificha," akasema. "Nilidhani mliisikiliza mkaona ni mbaya, ukanionea huruma kuniambia. Ndiyo maana niliacha."

Mtunza kanda akaokota pini moja sakafuni. Angemwambia nini? Kwamba haikuwa mbaya? Ameshaisikia mwenyewe, na mtaa mzima umeisikia.

"Rudisha mwanzo," dada akasema, akabandika tena kiganja kwenye spika.

Redio ilikuwa juu ya kigoda kifupi. Mtunza kanda akapiga magoti, akabonyeza, kaseti ikarudi ikilialia. Alipofungulia tena hakujaribu kuinuka. Alibaki pale pale chini, miguuni kwa dada yake, kila wimbo ulipoisha akaurudisha, mpaka adhana ya mchana ikapita na hakuna aliyeuliza habari ya chakula.