Kisu Nilichokifuata Sangailu

Mimi hukusanya visu vya kukunja. Cheka ukitaka. Dadangu husema mwanamke mzima kuweka visu kwenye mkebe wa biskuti ni kujitafutia maneno ya watu, nami humjibu kwamba wapo wenye makabati ya vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, na hakuna anayewasema. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Mombasa, kazi aliyoniachia marehemu mume wangu, na tangu niishike, kifaa chochote chenye msumari mmoja unaoshika vyuma viwili huniteka. Ninacho kisu cha mshona viatu, kilichonolewa hadi kikabaki wembamba wa ukucha. Ninacho cha muuza machungwa, kipini chake cha mpingo. Hivyo ndivyo alivyovikuta Halima, akacheka hadi akakaa chini.

Halima ni mfanyabiashara wa Garissa. Huja Mombasa kununua madera ya kuuza, na cherehani zake nazitengeneza mimi. "Mama wa visu," akaniambia, "hizi ni za watoto. Abti wangu wa Sangailu iko na kisu, wallahi, ukiiona hii yako utatupa." Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Akanieleza kwamba chuma chake kilifuliwa kutoka springi ya lori kuukuu, kipini ni pembe ya fahali, na mhunzi wa Ijara aliyekitengeneza alishakufa bila kumwachia mtu ufundi wake. Kwisha habari yangu. Nilifunga kibanda, nikamwachia dadangu funguo na maneno yake, nikaondoka.

Garissa nilifika asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Njiani tulishushwa kwenye vizuizi, tukapanga foleni vitambulisho mkononi, mifuko ikapekuliwa. Mkebe wangu nilikuwa nimeuacha nyumbani kwa akili zangu timamu, maana nani angemweleza polisi kwamba visu vyote vile ni starehe tu? Halima alinipokea, akanipitisha soko la mifugo kwa kuwa alitaka kuulizia habari za nyumbani kwao. Nilidhani nitakuta makelele. Nilikuta ng'ombe wamesimama mbavu nje, na wanunuzi wanapita bila hata kuwagusa mgongo.

"Mwaka huu ng'ombe ni ngozi tu," Halima akasema.

Nilimpa pole. Lakini nisiseme uongo, akili yangu ilikuwa kwenye kisu.

Masalani tuliingia mchana kwa Land Cruiser iliyopakia magunia ya unga na dawa za mifugo. Tulikula wali, tukatazama watu wakivuka Tana kwa mtumbwi na mikungu yao ya ndizi, na kwa muda nilihisi niko safarini kweli, mgeni mwenye shibe yake. Tulipouacha mto nyuma, harufu ikaanza. Mizoga ilikuwa kandokando ya njia, mingine imekauka ngozi juu ya mifupa, mingine bado imevimba. Dereva alipandisha kioo, nasi tukavumilia joto.

Ijara tulilala kwa binamu yake Halima. Jioni nikaomba nionyeshwe mahali alipokuwa akifulia yule mhunzi. Palikuwa na jiwe, majivu ya zamani, na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya kibanda. Nilisimama pale kama niliyefika msibani nikakuta matanga yameshaanuliwa.

Sangailu tulifika siku ya pili, jua likianza kuinama. Abti Dahir alitoka kutupokea, mrefu, ndevu za hina, kikoi kimefungwa vizuri. "Soo dhowow, karibu, karibu mama," akasema. Kiswahili alikipata zamani, alipokuwa akipeleka ng'ombe kuuza pwani. Mkewe, Mama Kaltuma, alikuwa na Kiswahili kidogo, ila macho yake yalikuwa yakisema mengi. Wana wao wa kiume walikuwa wamekwenda na mafahali wachache waliobaki kutafuta majani upande wa delta ya Tana. Nyumbani alibaki ng'ombe mmoja tu, jina lake Cadey, yaani Mweupe. Wajukuu wote wa boma lile walikuzwa kwa maziwa yake. Alikuwa amelala kando ya nyumba, na hakuinua kichwa tulipopita.

Na kisu? Kisu nilikiona kiunoni mwa mzee kabla sijamtazama usoni vizuri. Tulipomaliza chai alinipa nikishike. Lo! Pembe imelainishwa na kiganja cha mwenyewe, nyeusi inayofifia kuwa njano kama asali. Msumari wa shaba, umegongwa pande zote mbili, haulegei wala haukwami. Nilikifungua nikakifunga, nikakifungua tena, nikasikia ule mlio wake mdogo. Makali yake yangetosha kunyolea mtoto. Nikauliza kama ataniachia.

"Nitakupa, mama," akasema. "Lakini sasa ng'ombe iko chini. Ng'ombe ikiwa chini, kisu haiwezi kutoka kwa kiuno."

Sikuhitaji kufafanuliwa, mimi pia ni Mwislamu. Ng'ombe akichinjwa angali na pumzi, hata dakika ya mwisho, ni nyama halali, na boma zima na majirani watakula. Akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi hata kama watoto wanalia njaa. Kwa hiyo mzee alilala na kisu, akaswali nacho karibu, na kila jioni alikwenda kukinoa nyuma ya nyumba ili Cadey asikione. Akisimama mwenyewe, kisu changu. Akichinjwa, kisu changu. Nilijikuta nikimtazama yule ng'ombe kwa jicho nisilolipenda.

Alfajiri iliyofuata nilijifunza kuinua ng'ombe. Wanawake wa jirani walikuja. Gunia linapitishwa chini ya tumbo, wawili huku, wawili kule, mmoja anashika pembe na mwingine mkia, halafu mnasema bismillahi na mnavuta kwa pamoja. Mimi nilipewa gunia. Cadey alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisimama, miguu ikitetemeka, nasi tukabaki tumemwegemea hadi alipotulia. Mama Kaltuma akamlisha vipande vya katoni vilivyolowekwa kwenye maji ya chumvi. Katoni, jamani! Mzee alimkuna kati ya pembe huku akimnong'oneza. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameanguka tena.

Mchana ule nilisikia mume na mke wakibishana. Halima alinitafsiria polepole. Mama Kaltuma alitaka Cadey achinjwe leo, angali na pumzi, waanike nyama, wagawie majirani. Mzee alijibu kwamba ameona mawingu upande wa bahari. Mke akamwambia mawingu hayo ameyaona tangu mwezi uliopita. Mzee akapeleka mkono kiunoni, penye kisu.

Baada ya magharibi tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, mimi, Halima na Mama Kaltuma. Abti Dahir akaja kutoka nyuma ya nyumba, akasimama mbele yangu.

"Mama, wewe mgeni wangu," akasema. "Tangu umekuja sijakuchinjia kitu. Nyama unataka?"

Sasa nielewe. Kwetu, mtu akikukaribisha mara ya kwanza unakataa. Ndivyo nilivyolelewa, na mama yangu alikuwa na kofi jepesi kwa mtoto wa kupapia chakula cha watu. Unakataa, mwenyeji anarudia, ndipo unakubali kwa aibu kidogo. Tena boma zima lilijua kilichonileta. Ningesema ndiyo, si ingekuwa kama kusema, muue ng'ombe wako nipate kisu? Nikatabasamu.

"La, abti, usijisumbue," nikasema. "Nimeshiba, alhamdulillah."

Aliendelea kusimama. Nilingoja anikaribishe mara ya pili. Hakunikaribisha. Mama Kaltuma aliinuka, akaingia ndani.

"Haye," mzee akasema. "Kesho tutainua tena."

Nami nikaenda kulala nimeridhika, nikijiona mwanamke mwenye adabu zake.

Alfajiri wanawake walikuja tena. Safari hii wawili walikuja na masufuria, maana Mama Kaltuma aliwaambia jana yake wajiandae, huenda nyama ikapatikana. Tulimkuta mzee amepiga magoti. Shingo ya Cadey ilikuwa imenyooka mchangani na nzi walikuwa wameshafika machoni. Kisu kilikuwa kimefunguliwa mkononi mwake. Aliigusa ile shingo, akaigusa tena chini zaidi, pale penye mapigo, kisha akakifunga kisu. Wale wanawake wakageuka, wakarudi makwao na masufuria yao.

Mama Kaltuma hakulia wala hakumsema mumewe. Alinisema mimi, kwa Kisomali, maneno marefu yasiyo na sauti kubwa. Nikamwambia Halima anitafsirie. Akakataa. Nikamshika mkono, nikamwambia sitoki hapa bila kujua.

"Anasema mzee alikuwa anakuomba," Halima akasema, macho chini. "Hapa mtu hachinji ng'ombe yake ya mwisho ya maziwa ati kwa sababu ameshindwa. Hawezi. Moyo unakataa. Lakini kwa mgeni, anachinja hata ya mwisho, na hiyo ni heshima, watu wataisimulia. Alikuja kwako umpe hiyo njia. Kila mtu hapa alijua, hata mimi nilijua, lakini mimi siwezi kujibu swali la mgeni. Wewe ukasema umeshiba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Neno moja tu, ndiyo, na boma lile lingekula. Niliona uchungu, niliona haya, na nikawa na hasira pia, kwa nini hakuniambia mtu? Lakini angeniambia nani, wakati swali lenyewe lilikuwa ndilo kuambiwa?

Cadey alikokotwa kwa kamba hadi mbali na nyumba. Mimi pia nilivuta.

Gari la kurudi lilipopatikana mchana ule, mzee aliniaga kwa dua, kwa upole ulionichoma kuliko matusi. Mama Kaltuma akanifuata hadi garini na kitambaa kilichofungwa. Nilijua ni nini kabla hajakifungua. Nikausukuma mkono wake kwa mikono yangu miwili. "Siwezi, mama. Kaeni nacho."

Akanitazama, kisha akakusanya Kiswahili chake chote.

"Jana umekataa," akasema. "Leo usikatae."

Nikapokea.

Kizuizini, wakati wa kurudi, askari alikikuta, akakikunjua, akalipitisha dole gumba kando ya makali. Akauliza kisu hiki ni cha nini. Nikasema cha kuchinjia. Akauliza nimechinja nini. Nikasema sijachinja kitu. Alinitazama kidogo, akakikunja, akaniambia nikitie kwenye mzigo wa juu.

Sasa niko Mombasa. Watu wanaosikia nimetoka Sangailu huja kukiona, wakasifu pembe, wakasifu shaba, nami huwaonyesha kwa sababu nimeshindwa kuwanyima. Nilichojifunza ni hiki: adabu yangu ilikuwa ya nyumba zenye chakula jikoni. Niliibeba kama nauli hadi mahali ambapo haikubaliki, na waliolipa ni wengine. Siku hizi mtu akinikaribisha, namtazama kwanza usoni nijue anatoa au anaomba.

Juzi Halima alinipigia simu. Mvua imenyesha Sangailu, akasema, kubwa, mabwawa yamejaa, majani yamefika magotini. Nikashukuru Mungu. Nikamwuliza Mama Kaltuma hajambo, mzee hajambo, wajukuu hawajambo. Wote hawajambo. Kisha nikamwuliza chai yao siku hizi wanaitia maziwa ya nani.

"Chai kavu, dadangu," akasema. "Wanakunywa sturungi."