Sindano za Ndugu wa Kuchanjiana

Mtu niliyechanjiana naye damu alinidanganya. Nasema hivyo hivyo, kavu. Shule sikusoma, maneno ya kupamba sina. Ngumi zangu ndizo zilizonilisha.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Pale Nosy Be, kisiwa chetu cha Madagaska, nilicheza moraingy: ngumi tupu, kifua wazi, ngoma ikilia. Ndugu yangu huyo ndiye aliyenitayarisha uwanjani. Kupiga sindano alijifunza mjini Mahajanga.

"Vitamini tu, ndugu yangu," alisema, nami nikamgeuzia tako. Mabega yakajaa. Nikajiona fahali.

Kisha titi la kushoto likavimba, likauma hata shati likiligusa. Miguu ikajaa maji, kichwa kikawa kinagonga. Nikamwonyesha yeye. Ningemwonyesha nani mwingine?

"Umevunja mwiko. Mwanamke ameiruka hirizi yako."

Kwetu hirizi ya mpiganaji hairukwi na mwanamke, basi nikaamini. Nikachinja jogoo mwekundu, nikaoga maji ya mizizi. Yeye akaendelea kunidunga.

Siku ya pambano nikavua shati. Mama mmoja akapaza sauti: "Wee, mtoto umemwachia nani? Atalia njaa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilimwangusha mpinzani wangu, lakini nani alijali?

Nikavuka bahari hadi Antsahampano, bandari ya bara, nikapanda gari mpaka Mahajanga. Daktari alinibonyeza kifua, akanipima presha, akakitazama kichupa cha dawa nilichokichukua kwa ndugu yangu.

"Hii ni homoni ya kiume. Ikizidi, mwili hugeuza sehemu yake kuwa ya kike. Acha leo. Wala usimeze vidonge vya kuliondoa hilo titi bila kupimwa. Presha hii ndiyo itakayokuua kwanza. Uvimbe ukiwa laini huenda ukanywea. Huu wako umeshakomaa, unataka kisu."

Nilirudi nikamuuliza ndugu yangu. Hakukana. Akapandisha shati: kovu chini ya kila chuchu.

"Na mimi yalinipata."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha. Na ulikuwa unashinda."

Siku tunachanjiana tuliapa kwamba atakayemficha mwenzake hatari, damu ile imgeukie. Mimi nilikishika kiapo. Yeye alishika sindano.

Nilikatwa Mahajanga, peke yangu. Kumbe alinifuata. Akasimama mlangoni mwa wodi, amebeba birika la maji ya ukoko wa wali, kinywaji cha mgonjwa kwetu. Muuguzi akaniuliza, "Baba, huyu ni nduguyo? Nimruhusu?"

Nilikuwa na kiu kali. Nikamwambia simjui.