Mipira Laini ya Shaame

Tangu ajali ile, Laila hakupanda tena gari la baba yake. Kila asubuhi alimwamkia kwa heshima ile ile, akamtilia chai, akamwombea safari njema. Kisha akatoka akichechemea kwa mguu wa kushoto, akasimama ukingoni mwa barabara kungojea gari la mtu mwengine limfikishe chuoni Chake Chake. Naye Shaame, dereva wa kukodiwa aliyekwisha kupeleka maharusi, wagonjwa na mahujaji wa nusu ya mtaa wa Jadida, Wete, alipita mbele ya binti yake huku kiti cha pembeni kikiwa kitupu.

Walikuwa wakirudi nyumbani Wete, baba na binti, siku ya mvua, gari lilipoteleza kwenye kona ya mteremko. Lilizunguka, likaupiga ukingo wa mtaro kwa ubavu aliokaa Laila. Mfupa wa paja uliunga, lakini haukuunga sawa. Shaame alimweleza kila aliyekuja kumpa pole: mipira ilikuwa mitumba, meno yake yalikuwa marefu, ya kupendeza macho, ila ilikwisha kuwa mikongwe, imepigwa na jua mpaka imekauka kama kigae, na mpira uliokauka haushiki lami yenye maji. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli tupu. Laila aliyasikiliza akiwa amelala na plasta mguuni, mpaka siku moja akasema kwa sauti ndogo:

"Mipira haiwezi kujitetea, Baba."

Baada ya hapo Shaame hakueleza tena. Alikonda. Usiku aligeuka kitandani kama mtu aliyelalia mawe, na mchana, akiwa peke yake garini, mara kwa mara alikitazama kile kiti.

Ndipo vijana wenye magari wa Chake, wakiongozwa na Hafidh, mwuza vipuri wa Madungu, walipopata ruhusa ya kufanya siku ya mbio katika uwanja wa lami ulioachwa na wajenzi wa barabara. Magari hayakuwekwa ubavu kwa ubavu; kila moja lingezunguka peke yake, dereva apime uwezo wake na wa gari lake. Gari liwe la kutembea barabarani, na mipira yake iwe inayokubalika barabarani. Shaame, mtu wa miaka hamsini kasoro, alijiandikisha pamoja na wavulana, kisha akamwendea binti yake uani.

"Njoo unitazame, mwanangu. Nikizunguka bila ya kuteleza, utapanda turudi nyumbani pamoja?"

"Ukizunguka bila ya kuteleza," alisema Laila, "n'tapanda."

Katika duka moja Shaame alionyeshwa mipira ya aina mbili, yote laini kuliko ya kawaida. Ya kwanza ilikuwa karibu kipara: ingeishika lami kavu kama gundi, lakini mvua ya Pemba ingeigeuza sabuni. Ya pili ilikuwa na mifereji mirefu ya kutolea maji. Alichukua ya pili, kwa kuwa mipira ya kwendea ndiyo hiyo hiyo ya kurudia, na baina ya uwanja na nyumba kulikuwa na ile kona. Safari hii aliinama akasoma ubavuni tarakimu zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, akazisoma mara ya pili kwa miwani ya mwenye duka. Kisha akaiweka chumbani mwao, mbali na jua, akaifunika shuka.

"Wake wenza wanne kwa mpigo, Baba Laila?" aliuliza Saada, mkewe. "Pamoja na miye tunakuwa watano. Hata sheria haikuruhusu!"

"Hawa hawasemi, Mama Laila."

"Basi ndiyo maana wamelala karibu na weye."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka humo ndani tangu ajali. Saada naye alikuwa akiungua. Aliishi baina ya mume asiyelala na binti asiyesamehe, na hakujua la kufanya kwa ajili yao ila kupika na kuomba dua.

Shaame aliifunga mipira, akaitembeza polepole wiki nzima ili ule utelezi wa kiwandani uitoke. Siku ya mbio alifika mapema na Saada. Laila alikuja kwa gari la jirani. Shaame akapunguza upepo wa mipira kidogo, kwa sababu mpira ukipata moto hewa ya ndani hutanuka, na aliyeujaza sana asubuhi hukuta unaruka kwenye kona badala ya kung'ang'ania. Alikuwa bado na geji ya upepo mkononi Hafidh alipowaita madereva kusikiliza masharti.

Saada akabaki na gari. Aliitazama mipira, ikiwa imejaa vumbi jekundu la njiani, mbele ya kaumu yote ile. Kwetu gari linalotolewa mbele za watu, la harusi hasa, halitoki na mipira yenye vumbi. Hupanguswa, ikapakwa mafuta mpaka ikang'aa. Akatoa mkobani kichupa chake cha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, akachana kipande cha khanga kuukuu, akapaka. Wanawake waliokuwa karibu wakamsifu. Alipaka ubavu, na kwa kuwa alikuwa akipaka kwa mapenzi, hakuishia ubavuni.

Shaame alirudi mbio, zamu yake ikiwa ya kwanza. Aliuona mng'aro wa ubavuni, ambao magari mengi pale yalikuwa nao, akaingia, akawasha.

Mzunguko wa kwanza alikwenda taratibu ili kuipasha mipira moto.

"Ami Shaame!" alipiga kelele Hafidh. "Wapeleka mayai sokoni?"

Watu wakacheka. Shaame akaongeza mwendo kidogo, si sana. Katika kona ya pili mkia wa gari ukamtoka. Alirudisha usukani kwa upole, kama alivyojua, lakini chini hapakuwa na cha kushika. Gari zima likageuka, likasimama likitazama lilikotoka. Kicheko kilikatika. Nyuma ya kamba ya watazamaji Laila alikuwa amelishika paja lake kwa mikono miwili.

Shaame alilirudisha gari polepole, akashuka, akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya meno ya mpira. Akakinusa. Nazi na karafuu: harufu ya nywele za mkewe. Alipoinua macho alimwona Saada ameukumbatia mkoba, midomo imemkauka. Alikwisha kufahamu.

Hafidh alifika, na watu nyuma yake, na Laila miongoni mwao.

"Ami, sharti unalijua. Kama kuna kitu kimeingia kwenye mipira, tutaosha, utarudi mwisho. Kama ni mkono wa dereva, umemaliza. Lipi?"

Neno moja, mipira, lingempa mzunguko mwengine. Lakini wanawake wote walimwona Saada akipaka. Kabla ya magharibi hadithi ingefika hata kisiwani Kojani, na Laila angekuwa na mzazi wa pili wa kumwogopa. Shaame akamsogelea Hafidh.

"Hafidh, mwanangu, n'pe mzunguko mmoja tu. Usiniulize kitu."

"Nikikuachia weye, Ami, n'tamzuia nani? Ni mipira au ni dereva?"

"Ni dereva," alisema Shaame.

Watu walitawanyika. Alilisukuma gari mpaka kwenye pipa la maji, akaanza kusugua mipira kwa makumbi ya nazi na sabuni ya unga, mmoja baada ya mwengine. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuwa na mkono mkavu wa kuyafutia.

Laila alikuja, akainama kwa taabu, akayachukua makumbi. Akayanusa. Aligeuka akamtazama mama yake, aliyekaa mbali amejifunika uso kwa ukaya, kisha akarudi kwa baba yake.

"Kwa nini umesema ni dereva?"

"Dereva huikagua mipira kabla ya kuingia. Leo sikuikagua." Akasugua. "Na ile mitumba, mwanangu, hakunilazimisha mtu. Miye ndiye niliyeichagua."

Laila alisugua mpira wa mwisho mwenyewe.

Walingoja mipira ipoe, Shaame akaijaza upepo wa safari kwa pampu ya mguu. Alipofungua mlango, Laila alikaa kiti cha pembeni, mkono wake umekamata kitasa. Saada alikaa nyuma, akilia bila ya sauti. Manyunyu yalianza. Wakaenda mpaka mteremko ulipoonekana.

"Simama, Baba."

Alisimama. Laila akashuka, akauteremka mlima kwa miguu, akichechemea kwenye mvua, bila ya kugeuka. Shaame aliyaona mabega yake yakitetemeka. Akamngojea aipite kona yote, ndipo akaliteremsha gari polepole. Mipira ilishika. Chini alimkuta amesimama, ameloa chapachapa. Akamfungulia mlango kwa ndani, asithubutu kumwita.

Laila akapanda.